Makochi Yamehamia kwa Mama Saluni

Kochi kubwa lilikwama mlangoni, miguu miwili ndani, miwili nje, na Fundi Makochi akakwama nyuma yake, akitweta na kuulaani mlango alioupima kwa mkono wake mwenyewe.

"Inamisha! Inamisha upande wako!" alimpigia kelele mkewe.

"Niiname mpaka wapi, nilale chini kabisa?" Mama Mapacha alijibu kutoka barazani. "Kwani liliingiaje humu?"

"Liliingia kwa raha zake. Leo tunalitoa kwa nguvu, ndiyo maana linagoma."

Hee, jamani! Mtu anayeshonea makochi mtaa mzima, sebule yake ndiyo tangazo la biashara yake, asubuhi na mapema anatoa vyombo vyake nje kama aliyeletewa dalali. Na wala hakuwa amefilisika. Akili zake alikuwa nazo, au angalau ndivyo alivyojiaminisha. Sababu ilikuwa moja tu: chuo kikuu kilikuwa kinakuja.

Habari zilikuwa zimezagaa. Wanafunzi wa chuo kilicho ng'ambo ya barabara kuu wangepita nyumba kwa nyumba wakiuliza maswali, kwa makubaliano na uongozi wa mtaa. Maswali ya nini? Hapo kila mtu alikuwa na lake. Ila wote walikumbuka vizuri watu wengine wa karatasi waliowahi kuja, wakauliza, wakaandika, wakaondoka, kisha mabati mapya yakashushwa kwa yule mwenye paa bovu kuliko wote. Aliyewakaribisha kwa soda baridi hakupata hata msumari. Somo hilo mtaa ulilishika bila kufundishwa mara mbili.

"Lakini mwenyekiti alisema ni mambo ya watoto," Mama Mapacha alisema. "Alisema ni ushirikiano, chuo na mtaa."

"Ushirikiano ni msaada uliovaa tai. Sukuma!"

"Baba Mapacha, mimi moyo wangu unakataa."

"Moyo wako haujawahi kupewa bati. Sukuma, mama, sukuma."

Bibi, mama mzazi wa Fundi, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kwa sababu kiti chake ndicho kilichotangulia kwenda. Kutoka hapo aliongoza kazi yote kwa kidole. "Mwanangu ana akili," alisema. "Nani ampe unga mtu anayekalia sponji nene namna hiyo? Hata mimi nisingempa."

Kochi likachomoka ghafla, Mama Mapacha akarudi nyuma hatua kadhaa na kujigonga kwenye nguzo. Walilibeba hadi nyumba ya pili, kwa Mama Saluni, msusi mwenye ulimi mwepesi na moyo usio mbaya. Yakafuata makochi madogo mawili, televisheni, na jokofu. Mama Saluni aliyapokea kwa mikono miwili.

"Leteni, leteni! Leo wateja wangu watakaa kama wabunge."

"Ni ya kuhifadhi tu," Fundi alimkumbusha.

"Kwani nimesema nayala?"

Waliporudi, sebule ilikuwa tupu na sauti zao zilirudi kutoka ukutani. Fundi alijipongeza. Halafu akatazama barazani, uso ukambadilika. Watoto walikuwa wameanza kuletwa. Kila siku kina mama waliokwenda sokoni na kiwandani waliwaacha watoto wao wadogo kwa Mama Mapacha, tisa kwa jumla, na wale pacha wake wawili wakawa kama viranja wao.

"Na hawa?" Fundi aliuliza.

"Hawa wamefanya nini?"

"Watoto wote hawa wa watu! Wataona ni biashara. Wataandika kuwa tuna kipato."

"Kipato gani? Mmoja hunilipa kidogo, mwingine sabuni, mwingine hunilipa asante."

"Karatasi haijui asante. Wapeleke kwa rafiki yake mama, kule mwisho wa mtaa. Jioni watarudi."

Mama Mapacha alisimama akashika kiuno. "Makochi sawa. Watoto hapana."

"Ni siku moja tu, mkwe wangu," Bibi alisema kwa upole kutoka kwenye ndoo yake. Mama Mapacha hakuwa mtu wa kubishana na mama mkwe mbele ya watoto. Akawapanga wawili wawili, akawashika wa mbele mikono, akaondoka nao. Kila hatua ilimkera.

*

Walikuja wawili: binti wa miwani na kijana mmoja mrefu aliyeinamia kila mlango hata ule uliompita urefu. Waliamkia "shikamoo" kwa adabu na kuvua viatu. Fundi aliwakaribisha mkekani. Alikuwa amevaa shati lake la kufutia gundi. Bibi, ambaye mwaka mzima hakuwa amekohoa, alikuwa amelala pembeni akikohoa kwa vituo, akipumzika na kuanza upya.

"Mzee, kwa siku mnakula milo mingapi?" kijana mrefu aliuliza.

"Milo?" Fundi alitazama darini. "Tukipata tunakula, mwanangu. Tusipopata tunasimuliana."

"Mimi jana nilinusa tu," Bibi aliongeza.

Kijana mrefu alimeza mate na kuandika. Mama Mapacha aliinamisha uso. Nusu yake ilitaka kucheka na nusu ilitaka ardhi ipasuke.

"Na mama, wewe unafanya kazi gani?" binti wa miwani alimgeukia.

"Yuko tu nyumbani," Fundi alijibu kwa niaba yake. "Hana kazi."

"Kuna watoto wanaoshinda hapa mchana, ukiacha wenu?"

"Hakuna."

"Hata mmoja?" Binti alipekua karatasi zake. "Tuliambiwa kuna mama kwenye safu hii anayelea watoto wa majirani. Tulitumaini ni hapa."

"Mmepotea nyumba, binti yangu."

Mama Mapacha aliinua uso. "Mnamtafutia nini huyo mama?"

Binti aliweka kalamu chini, maana hili alipenda kulisema. Chuo na mtaa walikuwa wamekubaliana kufungua kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, tena ndani ya nyumba ya mkazi wa hapahapa. Mtaa utoe nyumba na mlezi. Chuo kilete mikeka, vifaa vya kuchezea na wanafunzi wa malezi wa kusaidia kila siku. Mlezi alipwe mshahara. Na yeye mwenyewe, siku mbili kila wiki kwa mwaka mzima, aende chuoni kusoma bila kulipa chochote, mwisho apewe cheti. "Tunachotaka ni nyumba yenye nafasi," alimaliza, "na mlezi ambaye watoto wameshamzoea."

Fundi alifungua mdomo ukabaki wazi. Bibi alisahau kukohoa. Kusoma! Mama Mapacha alihisi masikio yakimwaka moto. Mwanamke huyu alikuwa akitembea na mabaki ya magazeti yanayofungiwa nyama ili ayasome akipika, na leo chuo kikuu kimekuja chenyewe, kimevua viatu mlangoni, kimekaa mkekani kwake.

"Mimi..." alianza.

Bibi, kwa kuchanganyikiwa na kutojua lingine la kufanya, alikohoa. Safari hii mate yalimpalia kweli. Macho yakamtoka, kijana mrefu akarukia maji, binti akampigapiga mgongoni, Fundi akawa anapiga kelele "Mama! Mama!" Alipotulia, wanafunzi walikuwa wameshavaa viatu, nyuso zimejaa huruma.

"Poleni sana," binti alisema. "Hatutawasahau."

Mama Mapacha alikaa kidogo, akapiga moyo konde, akatoka mbio kuwafuata. Alichelewa. Walikuwa wameshaingia kwa Mama Saluni. Kupitia mlango uliokuwa wazi aliwaona wamezama kwenye makochi yake, wanakunywa maji baridi ya jokofu lake, na kijana mrefu anapapasa kitambaa akisema, "Hii nyumba imetulia kweli." Mama Saluni alimwona, akamkonyeza kama mtu anayetunza siri vizuri. Mama Mapacha angeingia aseme nini? Kwamba hayo wanayokalia ni yake, na bibi mgonjwa hana ugonjwa? Akageuka akarudi nyumbani.

*

"Ningejuaje?" Fundi aliuliza.

"Nilikwambia ni watoto."

"Uliniambia watoto. Hukuniambia kusoma, hukuniambia mshahara."

"Baba Mapacha, umenitilia mchanga kwenye kitumbua changu, halafu unataka nikwambie mchanga ulitoka wapi?"

Fundi hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mkewe, ila alimpenda kwa kumsemea, kama mtu anayembebea mwenzake mzigo ambao mwenzake hakuomba ubebwe.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Siku chache baadaye, jua likiwa katikati na mtaa mzima uko nje, mwenyekiti wa mtaa alikuja na wanafunzi watatu wamebeba mfuko wa unga na mablanketi mawili. Ulikuwa mchango wao wenyewe, waliouchangishana bwenini baada ya kijana mrefu kuwasimulia kuhusu bibi aliyenusa chakula.

"Kwa kaya yenye hali ngumu kuliko zote mtaani kwetu!" mwenyekiti alitangaza kwa ile sauti yake ya mikutano.

Fundi alipokea unga akiwa na pini za kushonea mdomoni. Wakapigwa picha. Majirani walipiga makofi, wengine huku wakiziba midomo, maana walijua ni nani aliyenunua jokofu mwezi uliopita. Wasiojua ndio waliomuumiza zaidi. Mchana huohuo alifika mteja aliyekuwa ameleta kitambaa cha makochi ya arusi ya binti yake.

"Fundi, nimesikia habari. Pole sana," mteja alisema bila kumtazama machoni. "Sasa, kile kitambaa changu... si kwamba sikuamini. Ila njaa haina rafiki. Nipe tu nikakiweke nyumbani."

"Mimi sina njaa!"

"Ndiyo, ndiyo. Najua ni vigumu kusema."

Alikikunja kitambaa chake kwa upole na kuondoka nacho, na upole huo ulimchoma Fundi kuliko tusi. Akaamua kwenda moja kwa moja kuchukua makochi yake.

Mama Saluni alimzuia mlangoni, kitana mkononi. "Huwezi kuyachukua sasa."

"Ni yangu!"

"Nani kabisha? Lakini nimechaguliwa, Fundi. Nyumba yangu ndiyo itakuwa kituo. Mwenyekiti kaniambia, Ijumaa linathibitishwa mkutanoni mbele ya mhadhiri wa wale wanafunzi. Wakija wakute sebule tupu, nitaonekana mwongo."

"Wewe? Ulee watoto? Si juzi ulimfukuza mtoto kwa kugusa kioo?"

"Alikigusa kwa mkono wenye uji!" Mama Saluni alishusha sauti. "Hata mimi sijui nitafanyaje, baba. Nina pasi za nywele za moto, nina dawa za kuchoma, nina hasira. Lakini niliulizwa kama makochi ni yangu nikasema ndiyo, nikaulizwa kama napenda watoto nikasema ndiyo. Ndiyo moja huzaa nyingine. Ningewachongea ninyi?"

Fundi alirudi nyumbani mikono mitupu. Barazani mkewe alikuwa amemlaza mtoto mmoja mapajani, wa pili anamsuka, wa tatu anamwimbisha namba, na machozi yanamtiririka bila sauti. Watoto walikuwa wamezoea kumwona anacheka, kwa hiyo walimtazama sana. Fundi alipita pembeni akaenda kukaa nyuma ya nyumba na mablanketi yake ya msaada. Huko alikaa mpaka akawa amefikia uamuzi.

*

Ijumaa, kibanda cha mikutano kilijaa hadi watu wakakaa kwenye kuta. Mhadhiri alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kicheko hata akisema mambo ya maana, na wanafunzi wake walikaa nyuma yake na mafungu ya karatasi. Mwenyekiti alisimama, akasoma kuwa kituo kitakuwa nyumbani kwa Mama Saluni.

"Kwa nani?" mama mmoja muuza mboga aliruka. "Mwanangu anashinda kwa Mama Mapacha tangu hajaota meno. Huko mlifika au hamkufika?"

"Tulifika," binti wa miwani alijibu kwa upole. "Hakukuwa na mtoto hata mmoja. Na hali ya pale, kwa kweli..."

Wakati huo umati ulipasuka katikati. Fundi Makochi alikuwa anakuja mbele, mfuko wa unga begani, mablanketi kwapani. Hata kamba ya mfuko haikuwa imefunguliwa. Aliutua mbele ya meza, vumbi jeupe likamrukia mwenyekiti kwenye suti.

"Mwenyekiti, naomba kurudisha unga."

"Unga unarudishwaje? Una wadudu?"

"Hauna wadudu. Mwenye wadudu ni mimi." Jasho lilimtoka. Alizoea kusema mbele ya watu, lakini si haya. "Mimi si maskini wa kiasi hicho. Nakula. Mama yangu anakula kuliko mimi. Yale makochi yaliyoko kwa Mama Saluni ni yangu, nimeyashona mwenyewe. Jokofu langu. Televisheni yangu. Na watoto walikuwapo, tisa, kila siku wapo. Mimi ndiye niliyesema wafichwe."

Kibanda kilivuma kama mzinga. Mama Saluni alijiegemeza nyuma akashusha pumzi ndefu. "Mungu ni mwema," alisema kwa sauti. "Jamani, watoto siwawezi. Mnisamehe."

Mwenyekiti alijipangusa unga. "Hili ni jambo zito. Tumewadanganya wageni! Mtu mwongo hatuwezi kumkabidhi watoto wetu."

"Mwongo ni mimi," Fundi alisema. "Yeye ndiye peke yake aliyekataa. Niadhibuni mimi. Yeye msimguse."

"Nyumba ni moja, uongo ni mmoja. Mchuma janga hula na wa kwao."

Hapo Mama Mapacha alisimama. Alikuwa amekaa katikati ya kina mama wa watoto wake, na hakuenda mbele. Alisemea palepale.

"Mwenyekiti, usimwache mume wangu anisafishe. Na mimi nilikubali. Makochi yalifichwa, sawa, kochi halina masikio. Lakini watoto niliwashika mikono nikawatoa kwangu kama mali ya wizi. Mmoja akaniuliza, 'Tumekosa nini?' Nikakosa jibu mpaka leo." Aliwatazama kina mama waliomzunguka. "Hii kazi naitaka. Kusoma nakutaka mpaka nalia nikiosha vyombo. Mkininyima nitalia sana, wala sitawaficha. Lakini watoto sifichi tena. Kije chuo, aje mfalme, atawakuta barazani."

Muuza mboga alianza kupiga makofi, wenzake wakamfuata, na Bibi kutoka kwenye ukuta alipokaa alipiga kelele, "Huyo ndiye mkwe wangu!" kwa kifua kisicho na ugonjwa wowote.

Mwenyekiti aligonga meza apate kuutuliza umati. Akajaribu kurudisha heshima ya kikao. "Sawa! Kabla ya lolote, niulize. Kuna kaya nyingine iliyoficha kitu?"

Watu walitazama miguu yao kama vile wameanza kuiona leo. Kisha fundi baiskeli akainua kidole kwa woga.

"Mimi kuku. Ni kuku tu. Kumi na kitu."

"Mimi pikipiki," alisema mwingine. "Iko chooni kwa shemeji. Wamekuwa wanapata tabu kidogo."

"Mimi mume wangu," alisema mama mmoja wa kiwandani. "Niliandikisha kuwa nimeachwa. Nikampeleka kwa mama yake."

"Na bado hajarudi!" shoga yake akadakia.

Kibanda kililipuka. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Vidole vikaendelea kuinuka: cherehani, magodoro, dirisha la kioo lililong'olewa na kubandikwa gunia. Mwenyekiti alikuwa anatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa, "Aibu, aibu tupu," mpaka mkewe aliposimama kule nyuma.

"Na ile redio kubwa, baba? Si uliniambia niiweke ndani ya pipa?"

Mwenyekiti aliketi. Mhadhiri alikuwa ameshalaza kichwa mezani, mabega yakiruka, na alipokiinua machozi yalikuwa yamelowesha kola yake. Binti wa miwani peke yake hakucheka. Alikumbatia fungu lake la karatasi.

"Mwalimu, takwimu zote hizi... siku zote hizi..."

"Zitawasha moto vizuri," mhadhiri alisema. Kisha akaugeukia umati, na sasa kicheko kilikuwa kimemtoka. "Niambieni ukweli. Kwa nini mlifanya hivi?"

Fundi baiskeli ndiye aliyejibu. "Mwalimu, watu wa karatasi huja, huuliza, huondoka. Hatujawahi kuona wakirudi kutuambia walichokipata. Tulichoona ni kwamba anayelia ndiye hupewa. Basi tukajifunza kulia."

"Nimekuelewa," mhadhiri alisema. "Na mimi nimewahi kuwa mmoja wa hao wasiorudi. Basi tutarudi. Kila mwanafunzi wangu atafuatana na mtu wa mtaa huu, wapite pamoja, waandike pamoja, na mtakachopata mwisho kitakuwa chenu pia. Kituo hatukitoi leo kwa mtu yeyote. Siku ya kuja hatuisemi."

*

Walikuja asubuhi ya mvua, asubuhi mbaya kuliko zote. Binti wa miwani alifuatana na Mama Saluni, aliyejitolea mwenyewe kuwa mtu wa mtaa, maana alisema anazijua nyumba zote kwa umbea wake. Kwa Mama Mapacha, makochi yalikuwa yamerudi mahali pake. Paa la baraza lilivuja, kwa hiyo watoto wote walikuwa sebuleni. Mmoja analia kwa kuota meno, wawili wanagombania mfuniko, pacha wanafundisha wenzao kuruka kutoka kochi hadi kochi. Uji ulikuwa unachemka na kumwagika.

"Shikamoo, tumekuja kwa ajili ya yale maswali," binti alianza.

"Marahaba, mwanangu. Mshike huyu," Mama Mapacha alisema, akamtwika mtoto wa meno kifuani, akakimbilia uji.

Binti alimshika. Mtoto alimtazama, akanyamaza, akamng'oa miwani. Mama Saluni alicheka, kisha naye akakabidhiwa mmoja, akamshika mbali na mwili wake kama anayebeba sufuria la moto. Fundi alikuwa amepiga magoti akiwavusha watoto mtaro wa kubuni mgongoni kwake. Mtoto mmoja mdogo alisimama katikati ya kochi kubwa, akatulia, akaangalia juu kwa utulivu, na kitambaa kipya kikaanza kubadilika rangi. Fundi aliona. Mishipa ilimsimama shingoni.

"Haya," alisema mwishowe kwa sauti ya mtu anayemeza mwiba. "Haya, baba. Umemaliza? Njoo tukubadilishe."

Mama Mapacha aliingia na uji, akaanza wimbo wa kunawa mikono, na bila mtu kuamrishwa, watoto wakajipanga. Waliokuwa wanaruka wakashuka kochini. Waliokuwa wanagombana wakashikana mabega. Binti wa miwani akajikuta amejipanga nao, mtoto kiunoni. Alishinda hapo. Alilisha, akafuta pua, akasimulia hadithi mbili, akalala usingizi wa mchana kati ya watoto wanne. Mhadhiri alipokuja kumtafuta jioni pamoja na mwenyekiti, karatasi zake zilikuwa bado zimefungwa kwenye mkoba.

"Umeandika nini?" mhadhiri aliuliza.

"Sijaandika kitu, mwalimu."

Mhadhiri alimtazama nywele zilizojaa uji. Akatazama sebule, watoto wakichukuliwa mmoja mmoja na mama zao na wengine wakigoma kuondoka. Akasemezana na mwenyekiti pembeni, na Mama Saluni akajipenyeza katikati yao bila kualikwa, akasema anachokijua. Kisha wote watatu wakamjia Mama Mapacha.

"Mtaa umesema ndiyo," mwenyekiti alisema.

"Na chuo kimesema ndiyo," mhadhiri akaongeza. "Sasa tumebaki kukusikiliza wewe. Masomo yanaanza Jumatatu. Utakuja?"

Fundi alifungua mdomo. Bibi akamfinya. Akaufunga.

Mama Mapacha alijifuta mikono kwenye gauni, mara ya kwanza, mara ya pili, ingawa ilikuwa mikavu. "Nitakuja," alisema. Halafu akaketi palepale alipokuwa, akalia kwa sauti, furaha tupu, mpaka pacha wake wakamletea uji wanywe pamoja.

*

Jumatatu saa nne hivi, msoma mita wa maji alipita mtaani kama kawaida yake. Alipofika nyumba ile alisimama. Wanafunzi wawili wa malezi walikuwa wanatundika picha ukutani, mwingine amezungukwa na watoto, Bibi anaongoza kazi kwa kidole, na katikati ya baraza kulikuwa na mwanamume mtu mzima ana mtoto mabegani, mwingine amemng'ang'ania mguu, na uji umemkaukia kwenye ndevu.

"Habari za hapa. Naomba kuonana na mwenye nyumba."

Fundi Makochi aliutoa mkono wa mtoto jichoni mwake, akajinyoosha kadiri alivyoweza.

"Hayupo," alisema kwa sauti ya kufika nyumba ya tatu. "Yuko chuo kikuu. Anasoma."